Kulwa na Doto si mtu mmoja, hata simu iwe moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama tunaoanika dagaa hapa Igombe, Mwanza. Tuko wanachama 43, tunanunua hisa kila Jumamosi, na mwisho wa mwaka tunagawana. Shule niliishia kidato cha nne. Nalisema hilo mapema ili mtu akikutana huko mbele na neno HashSet asidhani barua imetoka chuo kikuu.

Kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Mwezi uliopita nilikwenda ofisi moja mjini kufuatilia karatasi zangu. Kijana wa dirishani akatazama skrini, akaniambia, "Mama, wewe umo mara mbili. Nenda tu, mtandao ukikaa sawa urudi." Nikamuuliza mtandao unahusikaje na jina langu kuandikwa mara mbili. Akacheka, akaita anayefuata.

Zamani ningeondoka nimeridhika. Lakini kosa hilohilo mimi nimelifanya kwa mikono yangu, nyumbani kwangu, kwenye laptopu ya mtumba ambayo siku hiyo haikuwa imeunganishwa na intaneti hata chembe. Kwa hiyo mtandao namtetea. Hakuwepo.

Sisi watu wa dagaa tuna likizo ambayo haimo kwenye kalenda. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa kuwa hufuata mwanga gizani. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, mitumbwi inavutwa nchi kavu na chanja zetu za kuanikia zinabaki tupu siku kadhaa. Ni katika siku hizo za mbalamwezi mtoto wa dada yangu, anayesomea mambo ya kompyuta, alianza kunifundisha Java. Lugha hiyo ya kuandikia programu za kompyuta ilitolewa rasmi mwaka 1995 na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani, mzee wake akiwa James Gosling, na jina walilitoa kwenye kahawa. Nilipoambiwa hivyo nikasema basi si mgeni, kahawa wanaijua jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, Bukoba, tangu enzi za mababu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ndogo: programu isome majina ya wanachama kutoka kwenye faili, iyahesabu, iniambie nani ana hisa ngapi. Faili nililiandika kutoka kwenye daftari, na daftari letu lina historia. Masika fulani lililowa, katibu wa wakati huo akaanza kunakili upya kurasa za nyuma, akahama kabla hajamaliza. Hivyo watu wanane wamo kwenye kurasa za zamani na za mpya. Mistari yote 51. Hilo wakati ule sikulijua, nilinakili tu nikisikiliza redio.

Nikaendesha programu. Ikasema: wanachama 102.

Nikampigia yule mtoto wa dada yangu. Akanijibu kwa haraka, yuko foleni ya chakula: "Mamdogo, umetumia ArrayList, hiyo inapokea kila kitu. Weka HashSet, yenyewe haikubali kitu mara mbili." Nikabadilisha neno moja hapa, neno moja pale. Nikaendesha tena. 102.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ninaamini wanaoanza wengi hukwama palepale nilipokwama mimi. Jibu la "weka HashSet" linatolewa kama mtu anavyokupa dawa ya maumivu bila kuuliza kinachouma. Mimi nilikuwa na magonjwa manne kwa mpigo.

La kwanza halikuwa hata la HashSet wala ArrayList, ambavyo vyote ni vyombo vya Java vya kuwekea vitu vingi pamoja. Nilikuwa na metodi, yaani kipande cha programu chenye jina na kazi yake, niliyoiita pakia, ya kusoma faili. Nikaweka ndani yake mstari mmoja wa kuchapa maneno "Napakia sasa", nikaendesha. Maneno yakatoka mara mbili. Kumbe nilikuwa nimeiita pakia pale programu inapoanza, halafu nikaiita tena kabla ya kuhesabu, kwa wasiwasi tu, kama mtu anayefunga mlango na kurudi kuusukuma. Nikafuta mwito mmoja, 102 ikawa 51. Mstari mmoja wa kuchapa umenisaidia kuliko kukodolea macho skrini saa nzima. Tangu siku hiyo, jina likijirudia, swali langu la kwanza ni kama limeingizwa mara mbili, kabla sijauliza limehifadhiwa wapi.

Lakini 51 si 43. Na hii ilikuwa tayari HashSet, ile isiyokubali kitu mara mbili.

Kijana alikuja Jumapili, tukakaa kwenye mkeka chini ya mwembe. Akanieleza jambo ambalo angenieleza tangu mwanzo. Katika Java, kila ukiandika neno new umezaa, yaani umeunda kitu kipya. Ukisoma mstari wa 7 umezaa mwanachama, ukisoma mstari wa 39 umezaa mwingine, hata kama wote wawili umewapa jina moja. Usipoiambia Java ni kipi kinachomfanya mtu awe yuleyule, yenyewe inaamini kwamba vitu viwili ni kimoja pale tu ambapo ni kitu kilekile hasa, mahali palepale kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Yaani kwa Java, daftari langu halikuwa na mtu aliyejirudia. Lilikuwa na watoto 51 wa kuzaliwa.

Dawa yake ni metodi iitwayo equals. Ndani yake unaandika mwenyewe: huyu na huyu ni mmoja ikiwa majina yao yanalingana. Nikaandika. Nikaendesha. 51.

Nikatumia ujanja wangu wa kuchapa: nikaweka mstari ndani ya equals useme "Nimeulizwa". Nikaendesha. Kimya. Haikuulizwa hata mara moja! Kijana akatazama, akaona nimeandika kwenye mabano kwamba napokea Mwanachama, wakati Java inatafuta ile inayopokea Object, yaani kitu chochote. Nilikuwa nimeandika metodi nyingine kabisa yenye jina linalofanana. Akanionyesha kuweka @Override juu yake. Ukikosea namna ile, kompaila, ile inayotafsiri programu kabla haijaendeshwa, inakukatalia hapohapo badala ya kukuacha uhangaike usiku kucha. Nikarekebisha. Nikaendesha. Kimya tena, na 51 ileile.

Sababu ya pili ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote, na naieleza kwa chanja kwa sababu ndivyo nilivyoielewa. HashSet ni kama uwanja wa kuanikia wenye chanja 16, na 16 hiyo siyo mfano, ndivyo inavyoanza kweli; vitu vikizidi robo tatu ya hapo, yaani 12, inajipanua mara mbili. Mzigo ukifika, mlinzi haupeleki popote apendapo. Anaupigia hesabu, anapata namba, na namba hiyo inamwambia chanja ipi. Akifika hapo anauliza kama mwenzake yupo, na anaangalia chanja hiyo peke yake. Nyingine hazimhusu, ndiyo maana ana kasi. Hesabu hiyo inaitwa hashCode. Usipoiandika, kila kitu kilichozaliwa kwa new kinapewa namba yake. Kwa hiyo mama aliyeko mstari wa 7 na mama huyohuyo wa mstari wa 39 walipelekwa chanja tofauti, hawakukutana, na equals yangu nzuri haikupata mtu wa kuiuliza.

Ndiyo maana equals na hashCode huandikwa pamoja. Wawili ukiwaita mmoja, lazima namba yao iwe moja. Kinyume chake hakilazimishi: namba ikifanana si lazima wawe mmoja. Kijana alinionyesha kwamba neno "Aa" na neno "BB" katika Java yote yana namba 2112. Nikajaribu mwenyewe, nikaona. Yanatua chanja moja, halafu equals inayatenganisha.

Nikaandika hashCode kwa jina. "Nimeulizwa" ikaanza kutiririka. Wanachama: 47.

Wanne wakaondoka, wanne wakagoma. Nikachapa majina yote, macho yangu hayakuona tatizo: lile jina na lile jina, yako sawa kabisa. Kijana akaniambia nichape kila jina katikati ya vijiti viwili, hivi: |Mariamu|. Hapo ndipo nilipoona |Mariamu | mwenye nafasi tupu mkiani. Nafasi moja, niliyoigonga kwa kidole gumba bila kujua. Kuna mwingine alikuwa kwa herufi kubwa zote, maana ukurasa ule katibu aliandika kama anagombana na mtu. Hao wanatibika: unakata nafasi za pembeni kwa trim, unashusha herufi zote kwa toLowerCase, kabla hujaingiza. Lakini wawili waliobaki walikuwa wa kwetu hasa. Kwa mfano Nyanzala na Nyanzara. Msukuma mwenzangu anayesoma hapa amekwishacheka. Hakuna trim ya r na l.

Nikaona jina halifai. Nikaamua mtu atambulike kwa namba ya simu. Nikafuta nafasi, nikahakikisha ya kuanzia 07 na ya kuanzia +255 zinakuwa kitu kimoja, nikaendesha. 42.

Mhariri, nilikuwa nimechoka. Nikajiambia labda 43 ndiyo iliyokosewa, labda kuna mtu alishajitoa. Nikachapisha orodha kwenye duka la vifaa vya shule, nikaenda nayo mkutanoni Jumamosi, nikaisoma kwa sauti ya mtu mwenye kompyuta. Nilipofunga karatasi, Bi Doto akanyosha mkono polepole.

"Mweka hazina, mimi nimekufa lini?"

Kikundi kizima kikaangua kicheko, mimi nikatamani ardhi. Bi Doto na Bi Kulwa ni mapacha. Kwetu pacha anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto. Wana miaka zaidi ya sitini, wanaishi nyumba moja, wanaanika chanja za jirani, na wanatumia kitochi kimoja kinachoning'inia shingoni mwa Kulwa. Simu moja, namba moja. Kulwa aliingia kwanza kwenye seti. Doto alipofika mlangoni akaambiwa umo tayari. Akafukuzwa, na hisa zake zote.

Kilichoniuma ni kwamba Java haikumfukuza kimyakimya kama nilivyodhani. Metodi ya add inarudisha jibu kila unapoiita: ndiyo, nimempokea, au hapana, nimemkataa. Mimi jibu hilo nilikuwa silipokei. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikaongeza mstari mmoja: akikataliwa mtu, chapa jina lake na namba ya mstari. Yakatoka majina tisa. Manane ni yale ya daftari lililolowa. La tisa ni Doto. Ningeuweka mstari huo tangu siku ya kwanza, nisingeaibika mbele ya watu 42, samahani, 43.

Sasa tunatambuana kwa namba ya kitabu cha hisa. Kila mwanachama hupewa kitabu kimoja siku anapoingia, na namba haibadiliki hata akiolewa, hata akipoteza laini. Niliweka namba hiyo ndani ya equals na hashCode, basi. Faili nalo ilibidi nilipitie mstari kwa mstari nikijaza namba za vitabu, kazi ya jioni mbili, na hakuna programu iliyonisaidia. Mama mmoja nilimfuata hadi Kirumba mwaloni, alikokuwa anauza magunia yake, kumwomba anionyeshe kitabu. Matokeo: 43.

Kuhusu laini, kijana alinionyesha balaa lingine ambalo ningeliangukia kama ningebaki na simu. Tulimweka mwanachama kwenye seti, halafu tukambadilishia namba ya simu akiwa humohumo ndani. Tukaiuliza seti, je, huyu yumo? Ikajibu hayumo. Tukachapa orodha: yumo. Mlinzi alipiga hesabu mpya, akaenda chanja mpya, mzigo uko chanja ya zamani. Ukimwongeza tena, anaingia mara ya pili, ndani ya seti isiyokubali kitu mara mbili. Ndiyo maana namba ya kitabu nimeifunga kwa neno final, isibadilike.

Mengine nayapitia mbio. Ukiona orodha ina idadi sahihi lakini jina ni la mtu mmoja kutoka juu hadi chini, yule wa mwisho kwenye faili, tazama kama new umeiandika nje ya mzunguko unaorudia kusoma mistari, badala ya ndani. Umezaa mtoto mmoja na kumbatiza mara 51. TreeSet, seti nyingine ya Java, nayo inapanga vizuri, lakini katika kupokea inafuata ulinganisho wa kupangia, na equals haiulizi. Niliipa ipange kwa idadi ya hisa. Kila wenye hisa sawa akabaki mmoja. Nikairudisha ilikotoka. Na tangu Java 16 ya mwaka 2021 kuna kitu kiitwacho record, kinakuandikia equals na hashCode chenyewe. Kizuri, ila kinalinganisha kila kipengele, kwa hiyo nafasi moja mkiani mwa Mariamu bado inatosha kumfanya watu wawili.

Nimeyaandika haya marefu, Mhariri, kwa sababu ya yule kijana wa dirishani. Simlaumu sana, huenda programu hakuiandika yeye. Lakini kuna mtu aliiandika, na mtu huyo aliamua, au alisahau kuamua, ni kitu gani kinanifanya mimi niwe mimi. Huenda nimo mara mbili kwa sababu ya r na l. Huenda kuna Doto mahali ambaye hayumo kabisa, naye ndiye anayeniumiza zaidi, maana aliyejirudia anaonekana kwenye skrini, aliyefutwa haonekani. Mwandishi wenu akiandika tena habari ya majina yaliyojirudia kwenye orodha fulani, namwomba aulize maswali mawili: mnamtambua mtu kwa kitu gani, na waliokataliwa na mashine mmewachapa wapi.

Ombi la pili ni la kona. Mna kona ya mapishi, kona ya nyota, kona ya mpira kurasa nne. Tupeni safu moja kila wiki ya kujifunza programu kwa Kiswahili, kwa mtu wa kidato cha nne, kwa mifano ya sokoni na ziwani. Vijana wengi wanaijua HashSet kwa kukariri, kwa lugha ambayo hata kumuuliza mwalimu swali ni mtihani. Mimi sikuielewa mpaka niliposikia chanja. Mkikosa mwandishi wa kuanzia, wiki ya mbalamwezi ijayo nitakuwa na nafasi.

Bi Doto amerudi kwenye orodha na hisa zake zote. Alitaka kujua kama safari hii anaweza kusomwa kabla ya Kulwa, walau mara moja maishani. Nikamwambia HashSet haiahidi mpangilio wowote, haina kutangulia wala kufuata. Akasema mashine hiyo anaikubali.

Mweka hazina,
Igombe, Mwanza